Kiungo cha Kabati la Vyombo

Saa saba mchana Mama alifungua kabati la vyombo atoe sahani, akamkuta mwanawe wa kiume amekaa nyuma ya vikombe, kwenye sakafu ya saruji ya mahabusu. Ulikuwa mwaka wa nne tangu akamatwe, na kesi yake haijasomwa hata mara moja.

"Umekonda," Mama akasema.

"Na wewe umezeeka. Kuna chochote kwenye sufuria?"

Akampakulia wali.

Kazi hiyo aliifanya binti yake, mchapaji wa masjala ya mahakama. Asubuhi ile, mbele ya kompyuta ya ofisini, ile ya kuandikiwa amri kwenye kioo cheusi, aliandika ln, kistari na s, amri ya kuunga jina jipya na kitu kilicho kwingine, halafu njia ndefu ya kufikia folda ya kaka yake, halafu neno moja: kabati. Mashine haikusema kitu. Ikinyamaza ujue imekubali.

Jioni Mama akamwambia, "Haya, shika mkono huo tumvute."

Wakavuta. Kaka mtu akavuka kizingiti cha kabati, akajikuta amekaa palepale ndani.

"Hiki ni kiungo tu, Mama," binti akasema. "Kinaonyesha alipo. Mwenyewe hajatoka."

"Mwenyewe anatolewa na nani?"

"Hakimu, tarehe ikipangwa. Bosi Miwani pale masjala anasema faili halionekani."

"Halionekani? Si hili hapa linakula wali!"

Siku kumi na moja alikula mchana na jioni. Siku ya kumi na mbili mlango wa kabati ulikuwa mwekundu, kama jina la kiungo linavyogeuka rangi kwenye kile kioo pale kinachoonyeshwa kinapokuwa hakipo. Ndani mlikuwa na vikombe. Mama akafunga, akafungua, akafunga.

Kumbe Bosi Miwani alikuwa amefanya usafi. Folda zote zilizokaa miaka bila tarehe alizihamisha, na kiungo hakifuati kilichohamishwa.

"Umezipeleka wapi, bosi?" binti akauliza.

"Mahali salama."

"Njia yake je?"

"Dada yangu, nikianza kuandika njia ya kila takataka, kazi nitafanya saa ngapi?"

Siku iliyofuata binti akaligundua lile rundo. Folda zote zilikuwa zimepewa namba, majina yamefutwa. Tangu hapo, bosi akitoka kwenda chai, yeye hufuta kiungo cha jana na kuunga folda nyingine, moja kwa siku, akitafuta ya kaka yake. Mchana Mama hufungua kabati. Jumatatu alikuwepo fundi viatu, mwaka wa saba. Jumanne, mzee asiyekumbuka alishtakiwa nini. Jumatano, msichana na kitoto chake kilichozaliwa humohumo.

"Wewe ni wa nani?" Mama huuliza. Akishajibiwa hupakua. Kisha huuliza kama wamemwona kijana mrefu, ana kovu la pasi mkononi. Hawajamwona.

"Zimebaki ngapi?" alimuuliza binti yake Jumatano hiyo jioni.

"Elfu nne na kitu. Na leo zimeongezwa."

Mama ana miaka sabini na mmoja. Alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha njiani.

"Basi kesho usichelewe kazini," akasema. Akapokea sahani tupu kutoka kwa msichana, akaurudisha mlango polepole, maana kitoto kilikuwa kimelala.