Hita ya Ghorofa ya Tatu

Breka ya umeme ilijikata tena mshonaji akiwa amemvua mama mkwe wake mkono mmoja tu wa gauni. Tak, ikasikika koridoni. Feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, na ghorofa nzima ya tatu ikawa kimya. Kisha milango ikaanza kufunguka.

"Ni wewe tena, jirani?" aliita mama wa mapacha kutoka mlango wa pili. "Nina watoto wawili huku, maji yao yako jikoni hayajapata hata moto."

"Ni mimi. Nisamehe."

Mama mkwe alikuwa amepatwa na kiharusi upande wa kushoto, na mwuguzi alisema viungo vikandwe kwa maji ya moto kila asubuhi. Ndiyo sababu walihamia jengo hili, ingawa kodi yake iliwabana: waliambiwa maji ya moto yapo. Yalikuwapo kweli, mpaka wiki iliyopita. Tangu hapo, ukiwasha hita ya bafuni tu, breka inajikata, na kwa kuwa nyumba zote za ghorofa ile zilitegemea breka moja, wanakosa umeme wote. Kuirudisha nako kulikuwa na kazi yake. Sanduku la breka lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji walimwita Komeo.

Mshonaji alimkuta chini ya ngazi, anakunywa chai.

"Umewasha pasi na hita pamoja," Komeo alisema hata kabla ya salamu.

"Pasi sijaigusa. Cherehani nimechomoa, friji nimechomoa, hata chaja ya simu nimechomoa. Nimeacha hita peke yake na bado inajikata. Tatizo ni hita yenyewe."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Mimi si fundi. Ndiyo maana naomba aletwe fundi."

"Fundi anaitwa kwa utaratibu."

"Utaratibu nimeufuata wiki nzima, kaka. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Leo sitoki hapa."

Akasimama palepale, mikono kiunoni, katikati ya njia, wapangaji wakimpita ubavu na kumtazama Komeo kwa jicho la pembeni. Chai ikapoa. Komeo akatoa simu.

Fundi alifika mchana, mtu mpole mwenye haraka zake. Alifungua kifuniko cha hita, akachomoa nyaya zinazoingia kwenye koili inayopasha maji moto, akamwambia Komeo arudishe breka. Ikakaa. Akazirudisha zile nyaya. Breka ikajikata. Alipokwisha kuhakikisha kwamba umeme umezimwa, akatoa kipimo cha umeme, akagusa koili kwa ncha moja na bomba kwa ncha ya pili. Kipimo kikalia.

"Umesikia, dada? Koili imepasuka. Umeme unavuja, unaingia kwenye maji. Breka haina kosa, inajikata kwa sababu ndiyo kazi yake."

"Sasa inatakiwa nini?"

"Koili mpya na mpira wake wa kuzuia maji. Leo hii naimaliza."

Mshonaji alihisi mabega yakimshuka. Kumbe si pasi, wala si yeye.

Komeo alitoka koridoni kumpigia mwenye nyumba. Aliporudi, alizungumza na fundi peke yake, kana kwamba mle ndani hamna mtu mwingine.

"Tajiri anasema koili mpya hapana. Hata hita ya hapo jirani imeanza mambo hayohayo. Akinunua moja, kesho atadaiwa zote. Anasema unga moja kwa moja, usipitishe kwenye breka."

Fundi akawa anafuta kipimo kwa kitambaa, ingawa hakikuwa na uchafu wowote.

"Utaunga hivyo?" mshonaji akamwuliza.

"Dada, nisipounga mimi ataitwa mwingine."

"Huyo mwingine sijamwuliza. Nakuuliza wewe. Si umesema umeme uko ndani ya maji? Ndimo nimkalishe mama yangu?"

Akajibu Komeo: "Wewe ulilalamika breka inajikata. Haitajikata tena."

Mshonaji akamgeukia. "Bafuni kwangu hakuungwi kitu. Kateni huo waya muondoke."

"Nitamwambia umekataa matengenezo. Na kodi ni ileile."

"Mwambie."

Fundi aliukata waya, akafunga ncha zake kwa utepe, akazungusha tena na tena, zaidi ya ilivyohitajika. Akatoka bila kuaga.

Mshonaji akabandika sufuria kwenye gesi, ile gesi iliyokuwa imepanda bei tena na ambayo alikuwa anaibania kwa ajili ya kupikia. Maji yalipopata moto, akayamimina kwenye beseni, akapiga magoti, akaanza kuukanda mguu wa mama mkwe. Hapo ndipo aliposikia sauti ya Komeo mlango wa pili.

"Hodi. Tumekuja kutengeneza hita, isikusumbue tena."

"Afadhali," akasema mama wa mapacha. "Karibuni ndani."

Mshonaji alikurupuka na mikono yake mibichi. "Jirani, usiwaruhusu. Wanaruka breka. Umeme utaingia kwenye maji ya watoto. Mwulize fundi."

Mama wa mapacha alikuwa amempakata mtoto mmoja, mwingine analia ndani. Macho yake yalionyesha kwamba usiku hakulala. "Umetuzimia umeme wiki nzima, nimekuvumilia. Leo wanatengeneza kwangu, hutaki?" Hata hivyo alimgeukia fundi. "Kuna shida?"

Fundi alitazama mfuko wake wa zana.

"Hakuna shida," Komeo akasema, na mlango ukafungwa.

Mshonaji alirudi, akapiga magoti penye beseni.

"Amekusikia?" mama mkwe akauliza. Tangu augue, maneno yalimtoka polepole, moja moja.

"Hajanisikia, mama. Wameshaingia."

"Kagonge tena."

"Maji yako yatapoa, na gesi ndiyo hiyo."

"Yaache yapoe, mwanangu. Nenda."

Mshonaji akainuka. Safari hii hakugonga kwa vidole. Aligonga kwa kiganja, na hakuacha.