Mchanga Usio na Mwenyewe

Mwanamke wa Kinindo alirudi saa mbili asubuhi na ndagala zake, dagaa alizonunua jana, zikiwa zimeshapikwa. Aliitua sufuria mchangani, mbele ya Sumaya aliyekuwa akigeuza samaki wake juani.

"Mama Huseni, funua uone."

Sumaya alifunua. Juu ya mchuzi kulikuwa na povu jeupe, zito, la kumwogeshea mtoto.

"Umeweka nini humu?"

"Nyanya na kitunguu. Hiyo ingine imekuja na samaki yako. Bwana yangu amekula vijiko viwili, tangu jana anacheua mapovu."

Sumaya hakubisha. Huyo alikuwa mteja wa tatu kulalamika wiki hiyo. Alimpimia ndagala nyingine kutoka turubai la juu, mbali na bomba la kiwanda, mwanamke akaenda zake na kusema sufuria ataifuata jioni.

Bomba lilitokeza chini ya ukuta wa Sabuni Tausi, kiwanda kilichofunguliwa wakati wa embargo, nchi jirani zilipofunga mipaka na Bujumbura ikakosa hata kipande cha kufulia. Mwanzoni lilimwaga uchafu wake majini, na ziwa likaumeza bila kusema. Lakini ukame wa mwaka huu wa 2000 ulikuwa umeirudisha Tanganyika nyuma, bomba likabaki limeachama nchi kavu, likitema uji wa kijivu palepale wanawake wa Kibenga walipoanika samaki.

Aliyejua ziwa limerudi nyuma kiasi gani alikuwa mtu mmoja tu, Musiye Sylvère, mfanyakazi wa serikali, aliyekuja kila asubuhi na daftari kusoma namba kwenye mti wa chuma wa kupimia maji. Mti wenyewe sasa ulikuwa wa mbuzi kujikunia. Hata hivyo hakuna aliyemwambia aache. Aliandika "chini ya namba ya mwisho", kisha akahesabu hatua mpaka majini.

"Makumi ine na moja," alisema. "Wiki ilipita ilikuwa makumi tatu na nane. Mama Huseni, dunia inapata moto. Moshi ya viwanda vya wazungu imejaa mbinguni, mvua haina njia."

"Umeshaanza."

"Nilifunzwa kwa semineri."

"Semineri ya kabla ya vita. Mi nilizaliwa mwaka ziwa ilipanda mpaka mulangoni kwa bibi yangu. Ilikuwa moshi ya nani? Mungu anajaza, Mungu anapunguza. Na watu wakiuana hivi, mvua itamushukia nani?"

Walikuwa na miaka minne ya ugomvi huo, na kila mmoja alimwona mwenzake mtu mwema aliyelegea kidogo kichwani. Asubuhi hiyo Sumaya alimsogezea sufuria.

"Na hii? Hii pia ni moshi ya wazungu?"

Sylvère alichovya kidole, akanusa. Akatazama juu, akatazama povu, kama anayetafuta namna ya kuiingiza mbingu nzima ndani ya sufuria.

"Apana," alisema mwishowe. "Hii ni sabuni."

"Basi leo tumepatana."

Wakaenda biro ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, sufuria kichwani kwa Sumaya. Karani aliwapa karatasi ya malalamiko, nao wakafika salama mpaka kwenye mstari wa "Chanzo". Hapo Sylvère aliandika kwa mwandiko wake mzuri *kubadilika kwa hali ya hewa*, maana bila ukame bomba lingekuwa bado chini ya maji. Sumaya akamwambia afute, aandike *dhambi za wanadamu*, au angalau za mwenye kiwanda. Watu kwenye benchi wakagawanyika. Mlinzi mwenye bunduki akasema yeye anaona ni vyote viwili. Ilipokaribia saa sita, biro ikitaka kufungwa, Sumaya alimpokonya kalamu, akakata maneno yote, akaandika moja: *Bomba*. Wakatia sahihi wote wawili.

Shefu Xavier, msimamizi wa usafi wa komini, alisoma, akafunua sufuria, akaifunika upesi. Kisha akawaonyesha ramani ukutani.

"Munaona huu mustari wa buluu? Komini inaishia hapa. Kupita hapo ni ziwa. Bomba yenu iko ndani ya ziwa."

"Shefu, pale tunaanika samaki. Samaki haikauki ndani ya ziwa."

"Ramani njo inasema hivyo."

Watu wa ziwa, biro ya pili kwenye barabara hiyohiyo, walikuwa wapole zaidi. Kazi yao ni maji, walisema. Mchanga ni wa komini. Tena pikipiki yao haijaona tone la esansi tangu mwezi wa nne.

Wakati wa kurudi risasi zililia mbali, juu ya vilima. Wawili hao wakaongeza mwendo bila kuinua macho.

"Kwa hiyo ile fasi ya bomba haina mwenyewe," alisema Sumaya.

"Kwa sheria, haina."

"Na fasi haina mwenyewe, nani atatukataza?"

Sylvère alikuwa mtu wa serikali miaka ishirini na miwili, hajawahi kuruka hata foleni. Alivua viatu, akavipanga sambamba pembeni, akashika gunia. Walijaza magunia sita ya mchanga, na Sumaya akayashindilia mdomoni mwa bomba kwa mgongo, maana mikono haikutosha.

Komini ilifika kabla ya dakika arobaini kwisha. Ilikuja ndani ya pikapu ya kiwanda, Xavier mbele, dereva amelowa mpaka magotini. Uani kwa Sabuni Tausi, alisema dereva, mapipa yanaelea.

"Nani ameziba?" aliuliza Xavier.

"Sisi," alijibu Sumaya. Vita ilikuwa imewafunza watu kutosema "sisi" mbele ya pikapu.

"Ni kosa. Ninaandika ripoti."

Aliandika majina yao, saa, tarehe, magunia sita. Kalamu ikafika penye "Mahali", ikasimama.

"Andika tu, shefu," Sumaya alisema kwa upole. "Hapa tuko kwa nani?"

Xavier alilitazama bomba. Akiandika komini, bomba ni lake, na uji wake, na sufuria yake. Dereva alikwenda kupiga honi. Basi shefu, amesimama juu ya mchanga mkavu, viatu vimejaa vumbi, aliandika: *ndani ya ziwa*.

Sylvère aliomba kusoma. Alisoma mara mbili, kisha akafungua daftari lake.

"Weka na kina cha maji, shefu. Ni metre ngapi?"

"Usinichezee, muzee."

"Apana, ni kazi yangu. Halafu, kama ni ndani ya ziwa, kesi ni ya watu wa ziwa. Na magunia ni ushahidi, umeyaandika mwenyewe. Mutu asiyaguse mpaka wao wafike."

"Watafika lini?" aliuliza dereva.

"Wakipata esansi," alisema Sylvère.

Xavier alikunja ripoti yake mara nne. Pikapu ikageuza kurudi kwenye mapipa yake.

Sumaya alipandisha kitenge mpaka magotini, akavuka mchanga mkavu taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayeogopa kulowa, akaenda kugeuza ndagala zake.