Gunia la Vipuri

"Itawaka," Spana alisema, akapiga kiki.

Haikuwaka.

"Mke mwenzangu kanuna leo," mkewe akasema kutoka mlangoni, ungo wa mchele mkononi. "Kasikia mume wake wa kwanza anakuja."

"Mama watoto, niache."

"Nikuache wapi? Sebuleni mmekaa nyinyi wawili."

Ilikuwa kweli tupu. Pikipiki ile ilikuwa imelala sebuleni mwao miaka ishirini na miwili, kati ya kabati la vyombo na ukuta, mahali ambapo katika nyumba za watu wenye akili zao hukaa sofa. Sofa lao lilikuwa barazani, likila jua. Watoto watatu walijifunza kusimama kwa kushika tairi la nyuma. Kila Jumamosi asubuhi Spana aliiwasha, akaiacha iungurume kiasi cha chai kuchemka, akaizima, akaifunika shuka. Shuka lenyewe lilikuwa zuri kuliko la kitandani, lakini hilo mkewe alishachoka kulisema.

Mwenye pikipiki alikuwa Daktari wa Ng'ombe. Alikuja kazini kutoka ng'ambo akiwa kijana mwenye miguu mirefu kama ngazi, akapewa chanjo, ramani isiyo na barabara, na Spana awe fundi wake. Wakazunguka misimu minne. Daktari mbele, Spana nyuma, amekumbatia sanduku la chanjo kama mtoto mwenye homa. Njia ilipoishia kwenye mchanga walipunguza upepo wa matairi, wakaingia hivyohivyo wakiyumba. Walipofika mtoni pasipo na daraja, Spana alishuka, akakunja suruali, akavuka kwanza kwa miguu, fimbo mkononi, akipima kina. Injini na maji vilimeza sauti, kwa hiyo walizungumza kwa mikono. Mkono mmoja juu: njoo. Miwili: rudi.

Siku moja Spana aliinua mmoja, na Daktari akaja, na jiwe nalo likaja. Pedali ya gia ilipinda, na kidole gumba cha Daktari kikavunjika. Chanjo ilipona. Spana alitaka kuinyoosha pedali palepale mchangani, Daktari akakataa. "Usiiguse. Nitaizoea." Akaizoea kweli, akatembea na pedali iliyopinda mpaka siku ya kuondoka.

Siku hiyo alisema, "Nitunzie, Fundi. Nikirudi nataka niikute ileile."

"Ileile, Daktari. Hata skrubu haitabadilika."

Ahadi kama hiyo usimpe fundi. Mkono wa fundi ukiona kibovu hutekenywa, hautulii mpaka ukitoe. Mwaka wa kwanza Spana alibadilisha plagi, basi, plagi tu. Mwaka wa pili mnyororo. Halafu karabureta, halafu spoku za magurudumu moja moja mpaka zikaisha, halafu kiti, ambacho mkewe alikishona kwa turubai huku akimsema. Mwaka wa kumi na moja alipata injini nzima ya pikipiki iliyopinduka, akasema usiku huo hakulala kwa furaha. Pedali aliitoa mwisho. Akaweka mpya, iliyonyooka, akasimama kuitazama, na kwa mara ya kwanza akaona aibu.

Vibovu vyote alivitia guniani. Ndivyo alivyofundishwa: fundi mwaminifu humwonyesha mteja alichokitoa. Asiyeonyesha, ujue hakutoa kitu. Gunia lilikua likawa na uzito wa ndama.

"Litupe," mkewe alimwambia sasa, akilitazama pale pembeni. "Atajuaje? Mtu hajaiona tangu binti yetu hajaota meno, na leo binti ana meno ya kukuumiza roho."

"Nitajua mimi."

"Haya, jua. Lakini rafiki unaye mmoja, na hasira za mwenye mali huzijui."

Spana alizijua. Wiki mbili tangu Daktari apige simu kusema anakuja, hakuwa amewaza kingine.

Daktari alishuka kwenye gari la kukodi akiwa na nywele nyeupe na mguu mmoja usiokunjika sawasawa. Walishikana mikono muda mrefu, wakacheka bila sababu.

"Fundi, umezeeka!"

"Wewe je? Ngazi imeliwa na mchwa."

"Shikamoo, mama," Daktari akamwambia mke.

"Eti shikamoo! Nani kakwambia nimekupita? Marahaba. Mchukue mtu wako, mimi nataka sofa langu."

Daktari alipapasa tangi, kwenye kibonyeo chake cha zamani. Spana akapiga kiki. Mara ya nne ikawaka. Daktari akainamisha kichwa, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza vifua vya ng'ombe.

"Sauti si yake," akasema.

Mke akakohoa. Neno dogo tu lilihitajika, *uzee*, na mambo yangeisha. Spana akaizima injini. Akaisukuma pikipiki uani, akarudi kuliburuta gunia, akatandika turubai.

Alivipanga kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake: rimu mbele, rimu nyuma, injini katikati, mnyororo umekufa kama nyoka. Alipomaliza, palikuwa na pikipiki mbili, moja imesimama, moja imelala chali inakula kutu.

"Nilikuahidi ileile," alisema, macho chini. "Nimevunja ahadi kipuri kwa kipuri. Kwenye hiyo iliyosimama, yako ni tangi na fremu tu. Yako nyingine ndiyo hii iliyolala."

Daktari alizunguka turubai mara moja, mara mbili. Mke aliacha kupepeta mchele. Halafu Daktari akajishusha kwa shida, ule mguu mgumu akiunyoosha pembeni, akaokota pedali iliyopinda, akaifuta kwa shati lake jeupe.

"Nirudishie hii."

"Imepinda, Daktari!"

"Na mimi nimepinda. Goti hili ni la chuma, walilibadilisha. Meno haya si yangu. Mbona hukuniuliza wewe kama ni mimi?"

Mke ndiye aliyeanza kucheka. Spana alitafuta spana namba kumi, akaikosa, kumbe imo mfukoni. Alifunga kitu kibovu mahali pa kizuri kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na bolti akaikaza taratibu, kama anayemvisha mtu pete.

Wakaondoka, Daktari nyuma safari hii, sababu ya goti. Mke alibaki sebuleni akiitazama nafasi tupu na doa la oili sakafuni, umbo la ziwa dogo. Sofa hakulisogeza.

Njia ilikuwa imekuwa barabara, ila mwishoni mchanga ulikuwapo. Walipunguza upepo bila kuambiana. Mtoni Spana alianza kukunja suruali, Daktari akamshika bega.

"Kaa. Leo zamu yangu."

"Na chuma hicho je?"

"Chuma hakiumwi."

Akavua viatu, akaokota fimbo, akaingia. Maji yalifika kifundoni, yakafika gotini. Alikwenda polepole, akidunga, akisimama, akidunga tena, mgongo wake umepinda kidogo kuelekea kulia. Katikati ya mto aligeuka.

Jua lilikuwa nyuma yake, na maji yalikuwa yanametameta. Spana alikunja macho. Mkono mmoja ulikuwa juu, huo aliuona. Wa pili ulikuwa umeshika fimbo, na fimbo ilikuwa inapanda; njoo au rudi, haikujulikana.

Injini ilikuwa inaunguruma kwa sauti isiyo yake. Spana aliteremsha mguu, akaitafuta pedali pale isipostahili kuwa, akaikuta, akatia gia.