Godoro la Papa Mbusa

Vidonda vya mgongoni mwa Papa Mbusa vilikuwa vimeanza kunuka. Tangu kiharusi kimwangushe, mzee alilala juu ya mkeka na magunia, na muuguzi alikuwa amesema wazi: bila godoro laini na nene, nyama itaendelea kuoza. Watu husema penye nia pana njia. Waliosema hivyo hawakuzijua barabara za Ituri. Vita vilikuwa vimezifunga, na mjini Bunia hapakusalia godoro hata la dawa.

Binti yake Musoki akaamua kulitengeneza mwenyewe. Alifanya kazi kwenye karakana inayogeuza mawese kuwa mafuta ya jenereta, na ile gliserini nzito inayobaki pale alijua kuipika pamoja na unga wa mbao mpaka iwe uji mweusi. Uji huo ukichanganywa na dawa ya viwandani kutoka Kampala huumuka kama mkate, ukaganda kuwa sponji. Dawa yenyewe lilibaki kopo moja. Adui yake ni maji: yakizidi kidogo tu, sponji hufura, halafu hunywea na kuwa ngumu. Basi Musoki alishinda uani kwao, mtaa wa Lumumba, akiukausha uji motoni, macho yakimwasha kwa moshi.

Uji ulipopoa, mzee alipiga kelele za maumivu ndani. Musoki akaenda kumgeuza, akamwacha mama yake, Kavira, alinde ndoo.

Aliporudi alimimina dawa yote, akakoroga mbiombio, akamwaga kwenye kasha la mbao. Sponji ikapanda, ikapita ukingo wa kasha, na bado ikapanda.

"Iko inapanda, Musoki! Ona, iko inapanda!" Mama Kavira akapiga vigelegele.

Musoki alishikwa na hofu. Muda si muda donge lile likanywea, likazama katikati, na alipolibonyeza likavunjika kama biskuti.

"Mama, weye uliweka nini mu ndoo?"

"Maji ya baraka tu, ya ku parokia. Kazi ya papa yako, tuianze bila Mungu?"

Musoki alikasirika. Angemwambiaje? Huyu ndiye aliyeosha vidonda vile kila siku bila kuziba pua.

Mama aliliangalia donge, uso umemsinyaa.

"Pengine niliweka kidogo," alisema. "Kesho nitaongeza."

"Ndiyo, Mama," Musoki akajibu, akaingia ndani kumgeuza baba yake.