Bosi Akataa Mursik

Jumatatu asubuhi Caren alimimina mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, kwenye kisahani cha paka wake Bosi, akakiweka kando ya jiko kama alivyofanya kwa miaka sita. Bosi alinusa, akaketi, akakitazama kisahani kama mtu anayesoma barua, kisha akatoka nje.

Caren hakuwa mtu wa haraka. Siku hiyo alibadilisha kisahani. Jumanne alipasha omena moto na kuichovya kwenye mursik, maana Bosi hali kitu kikavu; hakuigusa. Jumatano alimfungua mdomo, akamulika kwa tochi ya simu: meno mazima, ufizi safi. Alhamisi alimwita Weldon, daktari wa mifugo kutoka Sotik, ambaye alifika na matope ya zizi la mtu mwingine kwenye gambuti.

"Mama Molly, akikaa hivi siku mbili tena, ini litaharibika. Hebu nione chakula."

Caren akamimina. Masizi ya kibuyu, ambayo kwa kawaida huyafanya maziwa kuwa ya kijivu, yalijitenga yakajipanga mstari mweusi katikati ya kisahani. Ulinyooka, ukapinda kidogo karibu na ukingo, ukanyooka tena. Weldon alikizungusha kisahani. Mstari haukuzunguka nacho.

"Huu ni mpaka wa shamba lenu," alisema. "Hapo penye kona ni ule mwamba wa kwa jirani yenu Bochaberi. Hicho kibuyu mlikisafisha na kuni gani?"

Caren alijua. Ilikuwa senetwet, kichaka kilichokuwa ua wa mpaka. Mumewe, Kipkoech, aliing'oa miaka minne iliyopita, mwezi mmoja baada ya mume wa Bochaberi kuzikwa, akapanda mistari mitatu ya chai upande wa mjane. Matawi yalikauka darini. Caren hapendi kutupa kitu. Wiki iliyotangulia alikuwa amechoma tawi la kwanza na kukisugua kibuyu kwa makaa yake.

"Na dawa, daktari?"

"Dawa iko na mzee wako. Mimi niko na ya minyoo tu."

Mchana Kipkoech aliporudi, Caren alimweleza.

"Baba Molly, rudisha hiyo mistari mitatu. Bosi atakufa."

"Nirudishe shamba juu ya paka?"

"Juu ya Bochaberi. Paka amekumbusha tu."

"Hiyo chai iko tayari kuchumwa. Mpatie mayai."

Akanywa glasi nzima ya mursik. Mstari mweusi ukabaki juu ya masharubu yake, pamoja na kona yake ndogo. Aliupangusa, ukarudi. Akaenda nao shambani.

Ijumaa Bosi hakugusa hata mayai, wala hakuweza kusimama. Caren alimbeba kifuani, kibuyu begani, akapenya kwenye ile chai hadi jikoni kwa Bochaberi. Alieleza yote bila kuficha. Bochaberi alisikiliza huku akitafuta chombo, akapata kifuniko cha sufuria. Caren akamimina, na humo maziwa yalikuwa ya kijivu kote, bila mstari. Bosi alilamba mpaka kifuniko kikasogea sakafuni.

"Wazee walikaa mara tatu juu ya huo mpaka," alisema Bochaberi. "Walikunywa chai yangu, wakaenda. Huyu paka amekaa mara moja. Na Baba Molly anasema aje?"

"Anasema chai iko tayari."

"Najua. Naionanga kila siku kutoka kwa dirisha."

Tangu hapo Bosi hula kwa Bochaberi. Lakini chai ile ilikuwa imeshikana, naye alirudi kila asubuhi amelowa umande, akipiga chafya. Kipkoech, ambaye hulala vizuri paka akiwa miguuni pake, alivumilia wiki mbili. Jumamosi alichukua jembe, akang'oa mchai mmoja katika kila mstari, akafungua njia ya kwenda kwa mjane. Aliipima kwa shubiri, akaifagia vizuri. Ilitosha paka mmoja.

Kisha akarudisha jembe, akachukua kikapu, akaichuma chai iliyobaki.