Mbega kwenye Mazishi ya Bi Mwaisha

Bi Mwaisha alifariki asubuhi akichambua kunde. Kufikia adhuhuri maiti ilikuwa imeoshwa na kuvikwa sanda. Kilichosubiriwa ni kaburi. Pale Bigwa, kaburi la mtu wa ukoo wake halichimbwi na wafiwa. Huchimbwa na watani, na watani wa ukoo ule walikuwa mbega wa msitu wa juu. Kila msimu mbega walikula mstari wa mahindi unaopakana na msitu, wala hakuna aliyewafukuza. Kila msiba walishuka na majembe, wakachimba, wakamsimanga marehemu mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Stambuli, mwanawe, aliketi kibarazani akiutazama msitu. Aliogopa kwamba hawatakuja, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Mzungu wa bomani alikuwa akitaka ngozi za mbega, kwani zilipendwa sana Ulaya. Jumbe Abasi akasema amri ni amri. Wengine walihangaika na mitego. Stambuli hakuhitaji mtego. Aliingia msituni akawaita watani zake, wakateremka mitini kuja kumsikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako. Ngozi zikapelekwa stesheni ya Morogoro, zikapakiwa kwenye treni.

Msitu ulipoanza kuwa kimya, serikali ikamleta mwalimu Alois awafundishe watu kuishi vema na wanyama. Alifundishia barazani kwa jumbe, amekalia kiti kilichotandikwa ngozi ya mbega.

"Mnyama si adui," alisema. "Haya, semeni."

Wakasema. Walikuwa watu wenye adabu zao. Hakuna aliyemwambia kwamba somo hilo walilijua kabla boma halijajengwa.

Jua lilipopinda kidogo, watani wakashuka. Baadhi yao ni wale aliowachuna Stambuli mwenyewe. Hawakuwa na ngozi, wamejifunga majani makavu ya mgomba kwa ajili ya baridi ya mlimani. Wanawake wakawapisha. Mwanaasha, mkewe Stambuli, akawapa maji ya kunywa, akamuuliza mmoja kama majani hayamwashi.

"Yanawasha, mama," akajibu. "Tumeyazoea."

Walichimba vizuri, mwanandani wa kumlaza marehemu ukanyooka. Watu wakangoja masimango. Yaliyosikika ni majembe tu.

Stambuli akasogea ukingoni. "Watani zangu, semeni basi. Mama alikuwa bahili wa chumvi, mnamjua. Au nitukaneni mimi. Nitukaneni, nawaomba."

Wakapanda kutoka kaburini. Bi Mwaisha akazikwa, dua ikasomwa, udongo ukashindiliwa. Ndipo mbega mkubwa akafuta jembe lake kwa jani, akamwendea Stambuli, akampa mkono wa tanzia.

"Pole sana, bwana," alisema, kama mpita njia aliyekuta msiba wa watu. "Mungu akupe subira."

Wenzake nao wakapita mmoja mmoja, kila mmoja pole, bwana, kisha wakapanda mlima.

Stambuli akaangua kilio. Kwa mama alikuwa amekwisha kulia tangu asubuhi. Sasa aliulilia ule ubwana. Jumbe Abasi akamshika bega, akamwambia alie tu, kufiwa na mzazi si mchezo, ila asisahau kuwa boma linangoja ngozi kabla ya treni ijayo.

"Nimesikia, jumbe," akasema Stambuli.