Kichwa cha Ukurasa wa Tarique

Kwa zaidi ya miaka mitatu ukurasa wa kaka yangu Tarique kwenye intaneti ulikuwa na kichwa kibaya, na mimi ndiye niliyejua kuwa ni kibaya. Wengine wana udhuru. Mimi sina.

Kazi yangu ni kuitunza tovuti ya nyumba ya wageni ya bwana Fábio, hapa Palma. Nilipoikuta, kichwa chake kilisema "Bem-vindos", yaani karibuni kwa Kireno, na picha zake hazikuwa na maelezo hata neno moja. Nikaandika "Quartos em Palma", vyumba Palma, maana ndivyo anavyoandika mtu anayetafuta pa kulala. Hakuna msafiri aliyechoka anayekwenda Google kuandika "karibuni". Chini ya kila picha nikaeleza kilichomo, kwa sababu Google ile haina macho, inasoma tu. Baada ya miezi miwili vitanda vya Fábio vilikuwa vya kwanza, naye akatembea mjini kifua mbele utadhani amevichonga mwenyewe.

Kanuni ni hiyo moja, nyingine zote ni matawi yake: andika neno la anayetafuta, si neno lako.

Ukurasa wa Tarique niliutengeneza mwaka mmoja baada ya Machi ile wenye bunduki walipouvamia mji tukakimbia. Mimi na Mama tulikwenda upande mmoja, yeye akaingia porini upande wa Pundanhar, na habari zake zikakatikia hapo. Siku hiyo Mama aliketi karibu yangu nikiwa na kompyuta mapajani. Nikaandika kichwa: "Desaparecido". Mama, Mwanahamisi wa watu, hasomi, lakini akauliza nimeandika nini. Nikamwambia: amepotea.

"Futa," akasema.

"Mama, ndilo neno watu wanalotafutia."

"Watu watafute watakavyo. Mwanangu hajapotea, yuko mahali. Usimchurie ndugu yako, Zubeida. Ukimwita mtu amepotea, umempoteza."

Nikafuta. Nikamuuliza kuhusu kovu. Utotoni Tarique alimwagikiwa mafuta ya vitumbua, na mkono wake wa kushoto ngozi ilikunjamana toka kiwiko hadi kiganja. Hilo nalo alilikataa. Makovu, alisema, huandikwa kwa ajili ya kutambua maiti. Basi kichwa kikawa alichokitaka yeye: "Tarique Assane, mtoto wa Palma". Chini yake yakafuata maneno yake, kwamba ni mpole, anasali, anapenda samaki wa kukaanga. Picha nikaibandika bila maelezo. Kila Ijumaa baada ya sala Mama alitaka nimsomee, naye akisikiliza amefumba macho.

Ningeweza kubishana, ushahidi wa vitanda nilikuwa nao. Nilimwonea huruma. Na niseme kweli, niliogopa pia, maana tumbo lililonizaa ndilo lile lile. Uchuro naucheka mbele za watu, lakini sikuwahi kulitamka lile neno nikiwa peke yangu.

Google humpa mwenye ukurasa ripoti ya maneno ambayo watu wameandika na nafasi ambayo ukurasa wake ulitokea. Ripoti ya Fábio naifungua kila Jumatatu. Ya Tarique niliifungua mara mbili za mwanzo, nikakuta sifuri, nikaiacha, kwa kuwa sifuri ile iliniuma. Mwezi wa sita mwaka huu nikaifungua tena, sijui kwa nini. Palikuwa na mstari mmoja: "desaparecido palma cicatriz queimadura braço esquerdo". Aliyepotea, Palma, kovu la kuungua, mkono wa kushoto. Mtu aliandika hivyo mara tisa katika muda wa mwaka mmoja na zaidi. Sisi tulikuwa wa themanini na saba, na hakuna binadamu anayeshuka hadi huko.

Kulikuwa na mtu mahali fulani anautazama mkono wa kaka yangu na kujiuliza wenyewe wako wapi. Nikaliandika lile neno na lile kovu, kwenye kichwa, kwenye maelezo mafupi, chini ya picha, na namba yangu ya simu. Ijumaa nilipomsomea Mama sikumficha. Hakunigombeza. Aliinuka akaenda uani, na tangu siku hiyo akawa ananiambia tu kwamba chakula tayari.

Siku ya kumi na tisa simu ikalia.

"Boa tarde, mana, dada yangu. Mie naitwa Ivone, professora, nafundisha shule, niko Mueda. Nimeona página yenu, ukurasa wenye picha. Yule wa kovu ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Baba yangu alimwokota karibu na Pundanhar, sisi wenyewe tunakimbia. Alikuwa na jeraha la kichwa, kusema hawezi, hata jina lake. Tukaja naye huku. Akikaa na baba, wanamenya mihogo. Mimi kila nikipata rede, mtandao, kwenye simu natafuta kwao. Natafuta, hakuna."

"Sasa yuko wapi?"

"Pole, mana. Alifariki mwezi wa pili, homa. Sisi ni Wakristo, lakini tulikuwa tunamwona anasujudu, basi baba akamwita mwalimu wa msikiti, akamzika mnavyozika nyie. Nimeendelea kutafuta mpate kujua kaburi."

Mwezi wa pili. Karibu miaka minne alikuwa hai. Gari likitoka hapa alfajiri linapita Diaca, na jioni uko Mueda. Neno moja lilitosha kumrudisha, nami nililijua, nikalifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliniona nilivyosimama.

"Amefariki?"

"Amefariki, Mama."

"Kazikwa vizuri?"

"Kwa sala."

"Lini?"

Mama hasomi, lakini hesabu ya miezi haimshindi. Nikisema mwezi wa pili, atajua kwamba lile neno halikumuua Tarique. Atajua kilichomweka huko miaka yote ile.

"Wiki iliyopita," nikasema.

Akauweka ungo chini. "Baada ya weye kuliandika."

"Baada ya mimi kuliandika."

"Nilikukataza, Zubeida."

"Ulinikataza, Mama."

Khitima tulisoma, kila mmoja na upande wake wa mkeka. Siku hizi ukiandika maneno yale ya Ivone, ukurasa wa Tarique unatokea wa kwanza. Ijumaa hakuna anayeniomba niusome.